Nyumba na Sheria: Kabla hujatoa hela, jua nani anatakiwa kusaini

Barua za mwezi huu zimetoka sehemu mbalimbali, lakini karibu zote zinaishia pale pale: hela imetoka au inakaribia kutoka, karatasi ipo, ila saini ya mtu aliyetakiwa kusaini haipo. Ninajibu nikiwa wakili wa kujitegemea hapa Dar es Salaam, na kesi nyingi zinazofika mezani kwangu ni za viwanja na nyumba. Ninachokieleza ni sheria ya Tanzania Bara. Wasomaji wa Unguja na Pemba wana sheria yao ya ardhi, wasiyachukue majibu haya kama yao.

Shikamoo mama wakili. Mwaka jana nilinunua nyumba Chanika kwa milioni 38, vyumba vitatu, upande mmoja haujaezekwa. Eneo halijapimwa. Tuliandikishiana serikali ya mtaa, mwenyekiti akagonga mhuri, majirani wawili wakasaini, nikatoa na asilimia ya mtaa. Sasa ametokea mama mwenye watoto wawili anasema ni mke wa muuzaji, nyumba wamejenga wote, yeye alikuwa Kahama kwenye biashara ya mchele. Muuzaji hapokei simu. Karatasi yenye mhuri ninayo. Hainitoshi? *Mnunuzi, Chanika*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Karatasi yako ina kazi yake, usiipoteze wala usimkabidhi mtu nakala halisi. Inathibitisha kwamba ulitoa milioni 38 na fulani akazipokea. Haithibitishi kwamba aliyepokea alikuwa na haki ya kuuza peke yake. Mwenyekiti wa mtaa anamfahamu mkazi wake kwa sura na kwa jina, basi. Hana daftari la ndoa, hana daftari la hati, na ile asilimia uliyotoa haikukuongezea haki hata chembe.

Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamkataza mume au mke kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, ndoa ikiwa bado ipo. Akiuza hivyo hivyo, mwenzake anabaki na haki ya kuendelea kukaa humo mpaka ndoa ivunjwe au mahakama iamue vingine. Sasa njoo kwenye Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 161. Hiki wanunuzi wengi hawajawahi kukisikia. Kinamtaka anayehamishiwa nyumba iliyo kwa jina la mwanandoa mmoja aulize kama mwenzake ameridhia. Kwa hiyo shauri likifika Baraza la Ardhi na Nyumba, hutaulizwa tu kama ulidanganywa. Utaulizwa: ulimuuliza muuzaji habari za mke? Alikujibu nini? Iko wapi karatasi yake?

Usikimbilie kusema hawakufunga ndoa. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi, wakapata sifa mbele ya watu ya kuwa mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wala usiseme alikuwa anapika tu, hela ya ujenzi ni ya mume. Tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali. Shauri lile lilikuwa la talaka, lakini ndilo linalotajwa kila mara mke anapoambiwa hakuchangia. Na huyu mama wa Kahama huenda ana risiti za bati na simenti kukushinda wewe.

Ufanye nini? Kwanza, usimtoe. Usibadilishe kufuli, usitoe vyombo nje, usilete vijana. Kaa naye, mbele ya mtu mnayemheshimu wote wawili, umuulize anachotaka. Nimeona mashauri ya aina hii yakimalizika pale mke aliposema wazi kwamba hapingi kuuza, anachopinga ni mume kuondoka na hela yote. Hapo panaandikwa mkataba wa nyongeza, unaeleza sehemu yake atailipwa vipi, naye anasaini ridhaa mbele ya wakili. Itakuuma kutoa tena. Lakini pima na gharama ya kesi, na nyumba ambayo huwezi kuipaua upande uliobaki mpaka hukumu itoke.

Akikataa, mnaanzia Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya 2021 Baraza la Kata halitoi hukumu za ardhi tena, linasuluhisha tu, na lina siku 30. Likishindwa linatoa cheti, nacho ndicho unachoingilia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nyumba yako iko chini ya kiwango chao, maana wanasikiliza madai ya kurejeshewa nyumba au ardhi mpaka thamani ya milioni 300. Muuzaji naye aunganishwe kwenye shauri, asiachwe pembeni. Na kama alikuambia hana mke, nenda polisi kwa kosa la kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Jinai na madai vinaweza kwenda sambamba.

Kwa wengine ambao bado hawajalipa, nawaeleza ninavyofanya ofisini. Muuzaji akija peke yake, namwambia arudi na mwenzake na vitambulisho vya NIDA vya wote wawili. Akisema hana mke, anaapa kiapo cha maandishi, kisha mnunuzi mwenyewe anakwenda kwa majirani, hasa kina mama, akiwa hana dalali pembeni. Na akija na mke, bado siandiki kitu. Wapo wanaume wanaokuja na mwanamke wa kukodi, amevaa vizuri, kitambulisho anacho. Namweka mmoja chumba cha nje, namuuliza mwenzake: mtoto mkubwa anasoma shule gani, maji hapo nyumbani mnayatoa wapi, jirani wa upande wa choo anaitwa nani. Halafu namwita wa pili, maswali yale yale. Mke wa kweli anajibu huku akishangaa kwa nini anaulizwa. Wa kukodi anaangalia mlango. Na mwanamume mwenye wake wawili, nataka kujua nyumba hii ni ya yupi, na huyo ndiye asaini.

Nimepata kiwanja Kigamboni, kimepimwa, kina hati, milioni 60. Dalali amenitumia picha ya hati kwa WhatsApp. Muuzaji anataka tuandike milioni 20 kwenye mkataba ili kodi ipungue, na anasema kodi zote ni za mnunuzi. Ni kweli? *Mwalimu, Temeke*

Si kweli, na hiyo milioni 20 ikatae leo hii.

Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji. Kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, yaani bei ya kuuzia ukitoa gharama zake za kununua na kuendeleza zenye ushahidi. Wewe unabeba ushuru wa stempu, asilimia 1, ambao kwa milioni 60 ni laki 6. Mnaweza kukubaliana nani atoe hela ya nini, lakini hayo ni maelewano yenu, sheria haijakutwika mzigo wake.

Sasa tazama hiyo hesabu ya milioni 20. Biashara ikivunjika, mkataba unasema ulilipa 20, na milioni 40 zako utazidai kwa karatasi gani? Ikienda salama, miaka kadhaa mbele ukauza kwa milioni 90, gharama yako kimaandishi ni 20, kwa hiyo faida inasomeka 70 na kodi ni milioni 7. Ungeandika ukweli, faida ni 30 na kodi ni milioni 3. Milioni 4 nzima unamlipia mtu uliyekutana naye kwa dalali. Tena mnakuwa mmeidanganya serikali kwa maandishi yenye saini yako, wakati thamani yenyewe inapitiwa na mthamini wa serikali, na takwimu ndogo namna hiyo hairuki hapo.

Picha ya WhatsApp ni picha. Chukua namba ya hati, kitalu na namba ya kiwanja, uombe upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Majibu yatakuonyesha jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, kama kuna mtu ameweka zuio. Angalia na muda: hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na kinachokuhusu ni miaka iliyobaki. Dai risiti za kodi ya pango la ardhi, ambayo ni tofauti na kodi ya jengo, maana deni lake litakukwamisha wakati wa uhamisho. Kisha nenda na mpima aliyesajiliwa akuonyeshe bikoni, yale mawe ya mipaka. Kigamboni watu wameuziwa karatasi ya kiwanja kimoja wakaonyeshwa ardhi ya kingine.

Na usilipe zote siku ya kusaini. Mkataba useme wazi kwamba sehemu ya mwisho, iwe kubwa ya kumfanya muuzaji aitake, inalipwa fomu za uhamisho zikishasainiwa. Ni fomu namba 29, 30 na 35, mwambie wakili wako akuonyeshe kila moja. Muuzaji mwenye haraka ya hela taslimu kwenye mfuko huwa namwogopa.

Nimepanga Sinza, chumba na sebule. Januari nililipa miezi sita kwa M-Pesa, mkataba wa mdomo. Mwezi wa tatu mwenye nyumba akaniambia ameuza, mwenye nyumba mpya anabomoa, nitoke ndani ya wiki tatu. Sina mkataba, nina haki gani? *Mpangaji, Sinza*

Mkataba unao. Sheria ya Ardhi inatambua upangaji wa mwaka mmoja au chini ya hapo hata ukiwa wa mdomo, na ujumbe wa muamala wa M-Pesa ni ushahidi wa kiasi, tarehe na aliyepokea. Upige picha sasa hivi, uutume na kwenye barua pepe yako, simu zinaibiwa.

Aliyenunua nyumba yenye wapangaji ameinunua pamoja nao. Muda uliolipiwa ni wako mpaka Juni iishe, na una haki ya kukaa kwa utulivu: hakuna kukatiwa umeme, kung'olewa mlango wala kuezuliwa paa. Wakifanya hivyo, toa taarifa serikali ya mtaa na polisi siku ile ile, kisha peleka shauri kwenye vyombo nilivyovitaja hapo juu.

Nakushauri hata hivyo ufikirie kuzungumza. Mtu anayetaka kubomoa ana mafundi wanaomsubiri, kwa hiyo anauhitaji muda wako kuliko wewe. Mwambie akurudishie kodi ya miezi iliyobaki, hela ya kirikuu ya kuhamisha vyombo, na ile ya dalali wa chumba kipya ambayo kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja. Mwandikishane, na ufunguo uutoe hela ikiwa imeshaingia kwenye simu.

Umeniuliza pia, mwishoni mwa barua yako, kama kuna ofisi ya kupinga kodi kupandishwa. Zamani palikuwa na sheria ya 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba. Ilifutwa mwaka 2005, na wapangaji wa mijini wameachwa wapambane wenyewe. Naliona ni pengo kubwa, na sitachoka kulisema kila ninapopewa nafasi. Mpaka pengo hilo lizibwe, kinga yako ni kuandika kwenye mkataba kwamba kodi haipandi ndani ya kipindi kilicholipiwa, na ikipanda baadaye upewe taarifa ya miezi mingapi.

Baba alifariki akaacha nyumba ya Kiswahili Magomeni, ina hati. Sisi ni Waislamu, tuko watoto wanne, mama yupo na anaishi humo. Kaka yetu mkubwa alifungua mirathi Mahakama ya Mwanzo, akateuliwa msimamizi. Nasikia ameshaanza kuleta wateja. Kwenye muhtasari wa kikao cha familia kuna jina langu na saini, lakini siku hiyo nilikuwa Tanga na sikusaini kitu. *Binti wa pili, Magomeni*

Mdogo wangu, ukimaliza kusoma hapa nenda mahakamani kesho asubuhi, nyumba ikishauzwa kazi inakuwa mara tatu. Nenda ile ile iliyomteua, na namba ya mirathi, uombe kuliona jalada. Tazama huo muhtasari: tarehe, mahali, saini. Beba chochote kinachoonyesha ulikuwa Tanga, tiketi ya basi, ujumbe wa simu, mtu uliyelala kwake. Kisha andika malalamiko kwa hakimu yule yule, ukiomba uteuzi utenguliwe au uuzaji usimamishwe mpaka usikilizwe.

Msimamizi wa mirathi si mrithi mkuu. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa, na kurudisha hesabu mahakamani. Ndani ya miezi minne tangu ateuliwe anatakiwa awasilishe orodha ya mali na madeni, ile fomu namba 5, na hesabu za mgawanyo zinakuja kwenye fomu namba 6. Uliza kama zimo kwenye jalada. Kama muda umepita na hazimo, hilo peke yake ni jambo la kumweleza hakimu.

Kwa kuwa nyumba ina hati, peleka na ombi la zuio kwa Msajili wa Hati ukiwa mwenye maslahi. Likisajiliwa, mnunuzi atakayefanya upekuzi atalikuta.

Kuhusu mafungu: kwa sheria ya Kiislamu mama yenu, kwa kuwa kuna watoto, ana thumuni, yaani sehemu moja ya nane, na katika kinachobaki mtoto wa kike anapata nusu ya fungu la wa kiume. Hakuna fungu la ukubwa wa kuzaliwa. Lakini kabla ya kugawa chochote, kaeni na mama mumuulize nyumba ilijengwaje. Kama aliuza vitumbua na hela yake ikaingia kwenye tofali, ile ni mali yake, haiingii kwenye mirathi ya mumewe, na aliseme hilo mahakamani kwa kinywa chake. Wanawake wa umri wake wengi hawajawahi kuulizwa swali hilo na mtu yeyote, wanakaa kwenye kona ya chumba wakisubiri watoto waamue.

Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU ninayonunua mimi mpangaji. Ni halali? *Mbezi*

Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Makato kwenye umeme yalianza Agosti 2021, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Tunza risiti za umeme, zijumlishe, na mkubaliane zitolewe kwenye kodi ya pango. Kama nyumba moja ina mita kadhaa na zote zinakatwa, mwenye nyumba aombe irekebishwe ibaki moja.

Dada wakili, niko Muscat nafanya kazi za ndani. Hela nimekuwa nikimtumia kaka yangu, amenunua kiwanja Mkuranga na msingi umeshapigwa. Juzi mtu wa nyumbani amenitumia picha ya mkataba, mnunuzi ameandikwa kaka. Nikimuuliza anasema "si ni kitu kimoja?" Sitaki kugombana na ndugu yangu. *Msomaji, Muscat*

Dada yangu, si kitu kimoja. Leo kaka yako ana nia njema, naamini. Lakini ana mke, ana watoto, anaweza kukopa, anaweza kufariki. Siku hiyo kiwanja kitaingia kwenye mirathi yake, na wewe utasimama mbele ya wifi yako ukieleza kwamba hela ilikuwa yako. Mwambie hivyo hivyo, kwamba unamkinga yeye na wanawe na ugomvi.

Kabla ya kumpigia, kusanya: risiti za kila ulipotuma hela, kwa benki au kwa wakala, na ujumbe wote alioandika "nimepokea, nanunua kiwanja", "simenti imepanda". Hifadhi sehemu mbili. Hizo ndizo zitakazoonyesha kwamba alinunua kwa niaba yako.

Kisha kuna njia mbili. Kama muuzaji bado anapatikana, asaini upya mkataba unaosema mnunuzi ni wewe, ukiwakilishwa na kaka yako. Kama hapatikani, kaka asaini tamko la kiapo mbele ya wakili kwamba alinunua kwa fedha yako na kwa ajili yako, na papo hapo asaini kukuhamishia. Mkewe asaini pia kwamba anafahamu na hana dai. Usiliruke hilo kwa kuona aibu.

Ili aendelee kukusimamia ujenzi, mpe hati ya uwakilishi uliyoisaini ubalozini kwetu hapo Muscat, ukiwa na pasipoti yako. Iandikwe kazi anazoruhusiwa moja moja: kusimamia mafundi, kulipia vibali, kufuatilia upimaji. Kuuza na kuweka rehani visiwemo kabisa. Mpaka mkataba wenye jina lako uwe mkononi, usitume hela ya kunyanyua ukuta. Msingi ukikaa miezi michache hauozi.